Mtoto Aliyekufa Tarehe Nne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, mama mmoja aliambiwa dirishani kwamba mwanawe amekufa. Mwanawe mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, kashika pindo la gauni la mama yake, anahesabu vigae vya sakafu kwa sauti.

"Hebu rudia," mama akasema.

Karani wa dirisha la bima hakuwa na hamu ya kurudia. Watu walimwita Tai, si kwa sababu ya yule ndege bali kwa sababu ya tai nyekundu aliyoivaa siku zote, hata siku za joto la kukausha mate. Aligeuza skrini kidogo ili mama aone. "Si mimi, dada. Ni mfumo. Unasema mwanachama amefariki tarehe nne mwezi huu. Kadi imefungwa."

"Mwanachama si huyu hapa!"

Mtoto akaacha kuhesabu. Alikuwa na miaka sita, midomo ya zambarau kwa ajili ya tundu alilozaliwa nalo moyoni, na maneno yasiyokwisha. Wauguzi walimbatiza jina la Chiriku. Alimtazama Tai kwa udadisi, akauliza, "Mimi nimekufa lini?"

Wawili watatu kwenye foleni wakacheka, kisha wakauona uso wa mama, wakanyamaza.

Alhamisi, yaani kesho kutwa, Chiriku alikuwa apasuliwe. Madaktari wa moyo walikuwa wamekuja kwa wiki moja tu, na wakishaondoka wasingerudi kabla ya miezi minane. Daktari wao alimwambia mama bila kuzungukazunguka kwamba moyo ule haungoji miezi minane. Orodha ya chumba cha upasuaji ilifungwa Jumatano saa kumi jioni. Asiye na kibali cha bima saa hiyo hukatwa jina, likaingia la mwingine. Na bima ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, pamoja na wema wake wote, haimpasui marehemu.

Tai akafanya kile ambacho hospitali nzima ilifanya mambo yakishindikana. Akamwita Mama Mafaili.

Huyu alikuwa mkuu wa masjala, chumba kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa. Miaka ishirini na miwili ndani ya chumba kile ilimpa miwani ya kamba, mgongo mbovu na ulimi wa upupu. Alijisifu kwamba hajawahi kupoteza faili. Aliichomoa fomu ya kifo akaja nayo mbio, tayari kumuumbua mzembe aliyeipitisha. Aliisoma njiani, akafika chini kabisa penye muhuri, akasimama katikati ya korido. Muhuri ulikuwa wake. Saini ilikuwa yake.

Akarudi masjala kutafuta mafaili mawili, la mtoto aliye hai na la yule aliyekufa kwa jina lake. Alimkuta mfagiaji anapiga deki. Dada Usafi, ndivyo kila mtu alivyomwita, alikuwa ameliinua boksi la makaratasi lililokaa chini ya meza ili apitishe tambara.

"Hayo makaratasi usiyaguse, nimekwambia mara ngapi?"

"Samahani, mama." Akalirudisha boksi taratibu, akachukua ndoo yake, akatoka. Siku hizi alikuwa amekonda, lakini Mama Mafaili hakuwa na nafasi ya kuona nani kakonda na nani kanenepa.

Mkaguzi wa bima, aliyeitwa kwa simu, alifika masjala saa nne kamili, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Hakukaa.

"Huyu ni mtoto mwingine," Mama Mafaili alimwambia, akipanga karatasi mezani. "Chiriku ana kilo kumi na sita, damu kundi A. Aliyelazwa tarehe tatu kwa kadi yake alikuwa na kilo kumi na mbili, damu kundi B. Nimonia. Alifariki tarehe nne alfajiri, saa kumi na moja."

"Kilo kumi na mbili, miaka sita. Hilo halikukushtua ulipogonga muhuri?"

"Sikufungua ukurasa wa pili." Ilimuuma kuyatamka. "Siku hiyo nilikuwa na fomu hamsini."

Mkaguzi akaandika. Kisha akamgeukia mama yake Chiriku, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kampakata mtoto. "Na wewe, mama. Kadi haina miguu. Uliiazimisha kwa nani?"

"Sijaiazimisha! Kadi inakaa hapa hapa hospitali, kwenye bati."

Ikabidi Mama Mafaili aeleze, na alipokuwa akieleza aliona jinsi jambo lenyewe linavyosikika kipumbavu. Kadi ikipotea, kupata nyingine ni miezi mitatu. Kina mama wa watoto wenye maradhi ya kudumu walikuwa wakiogopa kuzipoteza. Basi wakaanza kuziacha kwenye bati la biskuti juu ya rafu, nyuma ya dirisha la Tai. Mama akija kliniki anachukua, akimaliza anarudisha. Zilikuwamo kadi arobaini na kitu.

"Nani aliruhusu?"

Hakuna aliyewahi kuruhusu wala kukataza.

"Sikilizeni," mkaguzi akasema. Sauti yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililotisha. "Mtoto alikufa hapa, akatolewa kibali cha mazishi hapa. Siwezi kuuambia mfumo kwamba hakufa mtu. Nikimtoa huyu kwenye vifo, lazima niweke jina la mwingine, na maelezo ya mzazi wake yaliyosainiwa. Nipeni aliyekufa, niwape aliye hai. Mwisho kesho saa kumi. La sivyo nitaandika kwamba mama ameazimisha kadi, na hilo ni la polisi."

Mama yake Chiriku hakulia. Alimziba mtoto masikio kwa viganja, amechelewa, na Chiriku akamwambia, "Mama, nimeshasikia."

Saa tano Mama Mafaili alikuwa nyuma ya dirisha, kamwinamia Tai begani, anasoma kumbukumbu za mashine za tarehe tatu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Saa nane na nusu mchana, kadi ya Chiriku imeingizwa. Kidole cha mlezi hakisomeki. Ameruhusiwa kwa namba ya karani.

Watoto chini ya miaka saba hawakuchukuliwa alama za vidole. Kadi zao zilifunguliwa kwa dole gumba la mlezi. Lakini zipo kazi zinazokula vidole mpaka mashine ikaona kiganja kitupu, na hapo karani alikuwa na namba ya siri ya kuuruka ukaguzi.

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?" Mama Mafaili akauliza.

"Mama, wiki tatu! Watu mia mbili kwa siku. Mimi naangalia kadi, siangalii sura."

Kusikia habari ya vidole, mama yake Chiriku aliruka kutoka kitini. "Saruji! Baba yake ni fundi mwashi. Mashine haijawahi kumsoma hata siku moja. Na ana mtoto mwingine huko alikooa, wa miaka minne!" Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo toka zamani. "Kamuua mwanangu kwa karatasi ili amtibu yule."

Baba alipigiwa simu. Mtu hakatai mwito, na saa nane alikuwa amefika, jasho linamchuruzika, kabeba begani mtoto wa miaka minne mnene kama mkate, anayetafuna kidole chake kwa raha zake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kama yu hai. Hata hivyo mkaguzi alimwelekeza kwenye mashine. Baba akaweka dole gumba. Taa ikawaka kijani.

"Imekusoma," Tai akasema kwa mshangao.

"Itaacha kunisoma?" Baba aliangalia chini. "Mwezi wa nne huu sijashika mwiko wala saruji. Hakuna kazi. Vidole vimepona." Akamgeukia mama yake Chiriku. "Mngeniambia mapema kuhusu upasuaji. Kama anahitaji damu, ninayo."

Mama akakosa pa kuyaweka macho yake. Hasira aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi ilimtoka, na ilipotoka alibaki na hofu tupu.

Jumatano asubuhi mkaguzi alimbana Tai. Saa mbili na nusu, mlango umefungwa, Mama Mafaili kando akiandika.

"Tarehe tatu ulitumia namba ya siri mara tisa."

"Ndiyo, bosi."

"Bati la kadi liko nyuma yako. Namba ya siri ni yako. Unauza kadi za watoto kwa saa?"

"Wallahi sijauza!" Tai aliilegeza tai yake, jambo ambalo Mama Mafaili hakuwahi kuliona. "Wanakuja wafua nguo, wapasua kokoto, mashine inawakataa. Nisipobonyeza wanarudi nyumbani na mtoto ana homa. Ningefanyaje?"

"Ungemtazama mtu usoni, ulinganishe na picha ya mlezi."

Tai akaiviringisha ncha ya tai kidoleni.

"Nani mwingine anaingia nyuma ya dirisha?"

"Hakuna. Mimi tu." Akafikiri. "Mimi tu, bosi."

Mkaguzi akaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu, na Mama Mafaili akajua kijana kajichimbia kaburi. Lakini kitu kimoja kilimkereketa. Kadi ile mama yake Chiriku aliikuta ndani ya bati, Jumanne, mahali pake. Karani anayeuza kadi angeiacha kadi ya marehemu humo ili siku moja imuumbue? Na mwizi wa nje hurudisha? Aliyeichukua alikuwa mtu wa kuingia na kutoka, tena mwenye aibu.

Saa nne alipanda wodi ya watoto. Muuguzi aliyekuwa zamu tarehe tatu alikuwa amerudi kazini, mwanamke mchangamfu anayezungumza huku mikono ikitandika vitanda.

"Namkumbuka, mama. Nitamsahau vipi? Mtoto aliletwa amechelewa, kifua kinavuta. Tulijitahidi."

"Mama yake alikuwaje?"

"Kajitanda mtandio hadi hapa. Hakusema sana. Nilimuuliza umri wa mtoto akasema minne, kisha akasema sita. Nikadhani ni kuchanganyikiwa." Muuguzi akanyoosha shuka. "Ila mwanamke msafi! Mtoto alitapika, mimi bado natafuta wa kumtuma, yeye keshafungua kabati la nyuma ya mlango, katoa ndoo na fagio, kadeki chini kote, kutoka ukutani anarudi nyuma, hakuacha hata alama ya unyayo. Nikamwambia mwenzangu, yule mama angeajiriwa hapa."

"Kabati gani?"

"Lile." Muuguzi alionyesha kwa kidevu. Lilikuwa limepakwa rangi ile ile ya ukuta, halina kitasa. "Mimi mwenyewe nilifanya kazi miezi minne ndipo nikajua kuna kabati."

Mama Mafaili alishuka ngazi akijishika ukutani. Chini, kwenye korido, Dada Usafi alikuwa akipiga deki, anarudi kinyumenyume, mikono imechanika kwa klorini. Watu walimruka na ndoo yake bila kukata maneno yao. Hakuna anayeingia nyuma ya dirisha, Tai alisema, na Tai hakudanganya. Kwake yeye mfagiaji hakuwa mtu anayeingia, alikuwa sehemu ya chumba.

Miaka saba walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, shikamoo, marahaba, na Mama Mafaili hakujua hata jina lake.

Hakumsimamisha. Dhana si ushahidi, na alikuwa ameshagonga muhuri mmoja bila kufungua ukurasa wa pili. Alirudi kwa Tai akamwomba kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiangalia, yaani kadi zilizokataliwa mchana ule wa tarehe tatu. Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za watoto wakubwa. Ya tatu ilikataliwa saa nane na dakika kumi, dakika ishirini kabla kadi ya Chiriku haijaingizwa. Mtoto wa kike, miaka minne. Sababu: familia haikuthibitisha kipato, bima imesitishwa tangu tarehe mosi. Kazi ya mlezi: usafi. Anwani: kupitia masjala ya hospitali.

Mama Mafaili alisoma mstari wa mwisho mara mbili.

Kila mwaka familia zenye kipato kidogo ziliandikiwa barua, zije kuthibitisha kwamba bado ni maskini. Ajabu ya dunia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Asiyekuja alifutwa. Waliokosa sanduku la posta waliandika anwani ya hospitali, na barua zao zililetwa masjala. Kila Ijumaa mkuu wa masjala alitakiwa kubandika majina kwenye ubao wa kioo pale mapokezi. Alifanya hivyo miaka yote. Ila tangu mfumo mpya uingie, na fomu hamsini kwa siku, alikuwa akisema Ijumaa ijayo. Kisha tena Ijumaa ijayo.

Alifunga mlango wa masjala kwa ufunguo. Akapiga magoti, akalivuta boksi lililo chini ya meza.

Barua ilikuwa ya kumi na tisa kutoka juu. Ilikuwa imepokelewa tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita, na juu yake jina la mlezi wa yule mtoto, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Alikwenda ofisi ya kampuni ya usafi, akaomba daftari la mahudhurio. Jina lilikuwapo, limesainiwa kwa mwandiko mzuri kila siku, isipokuwa tarehe nne hadi tarehe saba. Hapo paliandikwa: msiba.

Ilikuwa saa saba na robo. Alirudi chumbani akakaa na barua ile mapajani. Tangu jana alikuwa akimsaka mkosaji, naye nyani haoni kundule. Angeweza kuichana. Kipande cha karatasi, nani angejua? Dada Usafi angekiri, Chiriku angepasuliwa, na muhuri uliogongwa bila kufungua ukurasa wa pili ungebaki kosa dogo la mama mzee mwenye kazi nyingi. Bado miaka mitatu astaafu. Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

Saa nane na dakika arobaini walikuwa masjala wote, mkaguzi, Tai, mama yake Chiriku. Mkaguzi alikuwa na maelezo mawili ya polisi tayari yamechapwa, ya Tai na ya mama. Dada Usafi aliitwa akaja na ndoo yake, akidhani kuna kilichomwagika.

"Weka ndoo chini, mwanangu," Mama Mafaili akasema. "Kaa."

Hakuwahi kuambiwa akae katika chumba kile. Akakaa.

"Tarehe tatu saa nane na dakika kumi ulikwenda dirishani na mwanao. Kadi ikakataliwa."

Dada Usafi alikuwa anaitazama ndoo.

"Ulikuwa umevaa nguo za nyumbani. Ukamlaza mtoto kwenye benchi, ukavaa koti lako la kazi, ukaingia nyuma ya dirisha na fagio. Tai, alikwambia nini?"

Tai alikuwa ameduwaa. "Sijui. Nadhani... huwa anasema 'naomba nipite, kaka.' Nami husema pita."

"Ukachukua kadi kwenye bati. Ukavua koti, ukajitanda mtandio, ukaja mbele ya dirisha lile lile. Mashine haikusoma kidole, kwa sababu klorini imekumaliza vidole. Kijana huyu alikuona mara tatu katika dakika ishirini, na hakukuona hata mara moja. Wodini ulitoa ndoo kwenye kabati ambalo wageni hawalijui. Na kadi ukairudisha."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu.

"Nilichukua ya juu," Dada Usafi akasema hatimaye. "Sikuchagua. Nilitaka apate hewa ya mashine siku mbili tu, kisha niirudishe, mwenyewe asijue." Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Dirisha la fedha taslimu lilitaka malipo ya awali kabla ya kumlaza. Nilikuwa sina. Alikuwa anapumua kwa mbavu."

Mama yake Chiriku alikuwa amesimama. "Na alipokufa? Wiki tatu umenyamaza! Jana umepita na fagio mbele yangu, unanisikia naomba!"

"Nimekusikia." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Jana nilikuja mpaka mlangoni hapa mara mbili. Miguu ikakataa. Nina mwingine nyumbani, mdogo, bado ananyonya. Nikasema wakinifunga... Lakini leo saa tisa nilikuwa nakuja. Huwezi kuniamini, dada, najua. Nisingekuacha umpoteze. Mimi nayajua hayo sasa."

Mkaguzi alivuta karatasi mpya. "Kwa nini hukuthibitisha kipato? Ungekuwa na bima yako, haya yote yasingekuwapo."

"Nilikuwa nasubiri barua, bosi. Walisema usije bila barua. Kila asubuhi nafuta kile kioo cha ubao pale mapokezi, nasoma majina. Kila Jumatatu nasema labda Ijumaa walibandika. Yalikuwa yale yale ya zamani. Nikadhani mwaka huu wametusahau."

Hapo Mama Mafaili aliitoa barua, akaiweka mezani. Alikusudia kusema maneno fulani, alikuwa ameyapanga, lakini yaliyotoka yalikuwa haya:

"Ilikuwa hapa. Chini ya meza yangu. Ilifika siku ishirini kabla bima yako haijafungwa. Kazi ya kubandika majina ni yangu, na sikuyabandika."

Dada Usafi akaiangalia barua. Akaliangalia boksi. Kila asubuhi aliliinua kwa mikono yake miwili, akapitisha tambara, akaambiwa asiguse makaratasi.

Alitoa sauti moja tu, fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, kisha akaufunika uso wake kwa viganja vile vilivyochanika. Tai aligeukia ukutani. Mama Mafaili alilia waziwazi, miwani ikaning'inia kwenye kamba, na hakujali.

"Ni saa tisa na dakika ishirini," mkaguzi akasema. "Nahitaji jina la marehemu."

Kalamu ilikuwa mbele ya Dada Usafi, haikuguswa, na dakika zilikuwa zikienda. Ndipo mama yake Chiriku, aliyekuwa na kila sababu ya kupiga kelele, alipovuta kiti akakaa karibu naye.

"Mwanao alikuwa anaitwa nani?" akamuuliza.

"Amezikwa kwa jina la mwanao," Dada Usafi akasema. "Kibali kilisema hivyo. Hata kibao sijaweza kumwekea."

"Najua. Niambie lake."

Akamwambia, kwa kunong'ona. Kisha akalisema tena kwa sauti ili mkaguzi asikie, akachukua kalamu akaliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Saa tisa na dakika arobaini na nane mfumo ulimrudisha Chiriku miongoni mwa walio hai. Tai alikimbia na kibali hadi chumba cha upasuaji, tai begani.

Mkaguzi alichana maelezo mawili aliyokuja nayo. Maelezo ya Dada Usafi hakuweza kuyachana, na alisema hivyo, kwamba yatakwenda juu, na juu wataamua. Mama Mafaili akaomba karatasi. Aliandika ukurasa mzima habari za boksi, Ijumaa, na ukurasa wa pili ambao hakuufungua, akasaini, akagonga muhuri. Kisha akaichukua mashine ya pini akayabana maelezo yake na ya Dada Usafi pamoja, pini nne, kona kwa kona.

"Atakayesoma yake asome na yangu," akasema. "Ukiyatenganisha, nitajua."

"Utafukuzwa, mama," mkaguzi akasema.

"Nimeshaishi. Lete niziwekee kurasa namba, usipotee hata mmoja."

Alhamisi, saa sita na nusu mchana, daktari alitoka akavua kofia, akamwambia mama yake Chiriku kwamba tundu limezibwa na moyo unapiga vizuri. Mama alimkumbatia baba, kisha akakumbuka kwamba hawasemezani, akaendelea kumkumbatia hivyo hivyo.

Mama Mafaili aliisikia habari hiyo akiwa masjala. Majina alikuwa ameyabandika yote kuanzia alfajiri, lakini ubao haukumtosha. Boksi lilikuwa juu ya meza sasa, limebaki na barua sitini na moja, na tangu asubuhi alikuwa akipiga simu moja baada ya nyingine. Alichukua barua iliyofuata. Mtoto wa kiume, miaka miwili. Bima ilisitishwa tarehe mosi.

Simu iliita mara nne. Mwanamke akapokea.

"Halo, mwanangu. Nakupigia kutoka hospitali, masjala. Barua yako ya bima iko kwangu." Akaivuta barua karibu. "Kwanza niambie. Mtoto yupo? Mzima?"

Upande wa pili mwanamke alisema, "Subiri nimtazame," na Mama Mafaili akasikia nyayo zake zikienda chumba kingine.